Ndoana Bila Kibali

Mwezi Machi ndugu yetu mmoja aliyehamia Marekani alitutumia picha. Amekaa ndani ya kayaki, kofia imemfunika masikio, na mikononi ameshika samaki wa kijani mwenye mdomo mpana kama mfuko wa rambo. Chini yake ameandika: "Bass wa kwanza mwaka huu. Nyinyi huko kwenye barafu mnavua nini?" Tulicheka, kisha tukaona kwamba swali lenyewe linataka jibu refu kuliko simu moja. Makala haya ndiyo jibu letu kwake, na kwa wasomaji wengine wanaodhani kwamba Stockholm ni mji wa theluji na foleni za ofisini tu.

Bass wa namna ile hapa hayupo. Ndugu zetu wa Kenya watamjua, kwani wakoloni walimpandikiza katika Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa starehe ya wenye ndoana. Sisi wa Stockholm tuna samaki wawili wa kumshindana. Mmoja ni abborre, mwenye milia na mapezi mekundu, ambaye mwenzetu wa Ukerewe alimpachika jina la sangara wa baridi. Mwingine ni gädda, jina linalotamkwa "yedda", na hivyo ndivyo tutakavyomwandika humu. Yedda ni mrefu, ana kichwa cha bata na meno ya mamba, na hujificha kwenye matete akingoja. Barafu ikishayeyuka, kati ya mwisho wa Machi na Mei, huingia kwenye vighuba vya maji mafupi kutaga mayai. Wakati huo ndio na sisi tunatoka.

Kundi letu ni watu sita, na mwaka mwingine hufika kumi, kutegemea zamu za kazi. Yupo wa Pemba, yupo wa Ukerewe, yupo wa Mombasa, yupo wa Bukavu, na wengine waliozaliwa hapa hapa ambao Kiswahili chao kina lafudhi ya treni ya chini ya ardhi. Kuna madereva wa basi, kuna wauguzi, kuna mwalimu. Kayaki tunakodi. Chombo hicho, kama mnavyojua, ni cha Wainuiti wa kaskazini ya mbali, waliokitengeneza kwa ngozi ya sili. Waswidi walikichukua wakakifanya mchezo, na bingwa wao Gert Fredriksson alizoa medali sita za dhahabu za Olimpiki kati ya mwaka 1948 na 1960. Sisi medali hatuna. Tuna kafi, mishipi, chupa za chai ya tangawizi na mabishano.

Mabishano hayo ndiyo yaliyotuingiza kwenye historia. Siku moja mgeni wetu aliuliza: "Kibali cha kuvua mmekata wapi?" Tukamjibu kwamba hakihitajiki. Hakusadiki. Kwao kila kitu kina leseni. Basi tukaanza kutafuta ni nani aliyetupa haki hii, na lini, na alimnyang'anya nani.

Tuanze na mahali penyewe. Stockholm imejengwa juu ya visiwa, pale ambapo maji ya Ziwa Mälaren yanamwagikia Bahari ya Baltiki. Mji unatajwa katika maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1252, na mwanzo wake unahusishwa na jina la Birger Jarl. Mälaren hapo kale haikuwa ziwa. Ilikuwa ghuba ya bahari. Lakini ardhi ya huku ilielemewa na barafu nzito kwa maelfu ya miaka, na tangu barafu hiyo iyeyuke inainuka taratibu, kama godoro baada ya mtu mnene kuondoka. Hapa inainuka kiasi cha nusu sentimita kwa mwaka. Mnamo mwaka 1200 hivi mlango wa ghuba ulikuwa umekwisha kupanda kiasi cha maji kuanza kwenda upande mmoja tu, kutoka ndani kwenda nje. Aliyeushika mlango huo alishika ushuru wa chuma na shaba ya bara, na alishika pia njia ya samaki.

Kwa mtu wa pwani yetu bahari hii ina vituko. Haina bamvua wala maji mafu. Mwenzetu wa Pemba, mwaka wake wa kwanza, alikuwa akienda ufukweni kila asubuhi kuona kama maji yamekupwa, akayakuta yamelala pale pale. Chumvi nayo ni haba: katika visiwa vya Stockholm lita moja ya maji ina gramu tano au sita, wakati ya Bahari ya Hindi ina kama 35. Kwa hiyo samaki wa ziwa na samaki wa bahari wanakaa nyumba moja. Unaweza kumtoa sangara wa baridi, na mtupo wa pili ukatoa strömming, dagaa mnono wa Baltiki aliyewalisha watu wa nchi hii kwa karne nyingi akiwa ametiwa chumvi kwenye mapipa.

Uhaba huo wa chumvi una faida yake. Mdudu anayetoboa mbao za vyombo hawezi kuishi hapa. Meli ya kivita Vasa, iliyozama katika safari yake ya kwanza tarehe 10 Agosti 1628 kabla hata haijatoka mjini, ilikaa chini ya maji miaka 333, na ilipoibuliwa mwaka 1961 mbao zilikuwa nzima. Kwetu kila mwenye dau anaijua adha ya kulipandisha pwani, kuliunguza chini kwa makuti na kulipaka deheni ya chokaa na shahamu, kisha baada ya miezi kuanza tena. Mwenzetu yule wa Pemba alisimama mbele ya Vasa kwa muda mrefu, akasema maneno mawili tu: "Bila deheni!"

Sasa tuje kwenye haki. Katikati ya mji, karibu na ikulu ya mfalme na jengo la Bunge, unapita mkondo wa maji ya kasi waitao Strömmen. Mwaka 1636 mji wa Stockholm ulipewa hati ya upendeleo kwa jina la Malkia Kristina, na humo raia wa mji wakaruhusiwa kuvua katika mkondo huo. Kristina alizaliwa Desemba 1626. Hesabuni wenyewe: alikuwa mtoto wa miaka tisa. Baba yake, Gustav II Adolf, alikuwa ameuawa vitani Lützen mwaka 1632, na nchi ilikuwa ikiendeshwa na baraza la wakubwa chini ya Axel Oxenstierna. Waswidi wanapenda kusema kwamba malkia ndiye aliyewapa uvuvi. Sisi tunaona ni wazee wa baraza waliohitaji mji wenye shibe na wafanyabiashara wenye furaha, kwa sababu vita vya Ujerumani vilikuwa vinakula fedha.

Na tusipambe mambo. Raia katika hati hiyo ni wafanyabiashara na mafundi walioapishwa kuwa watu wa mji. Mpishi, kibarua wa bandarini, mjakazi aliyetoka shamba, hao hawakuwa raia kwa maana hiyo. Haki ilianza ikiwa ndogo, ikapanuka kidogo kidogo kadiri neno "raia" lenyewe lilivyopanuka. Leo mtu yeyote, hata aliyeteremka jana uwanja wa ndege wa Arlanda, anaweza kusimama ukingoni mwa Strömmen na fimbo yake asiulizwe karatasi. Tumewahi kuhesabu lugha saba ukingoni pale asubuhi moja.

Mkondo huo ulikuwa na kazi zake ambazo leo zimesahauliwa. Samaki waliletwa mjini kutoka visiwani wakiwa hai, ndani ya mashua zenye chumba kilichotobolewa matundu ili maji yapite. Chombo kikitembea, samaki wanapumua. Kikifungwa gatini, maji yanatuama na samaki wanakufa, na samaki mfu bei yake ni nusu. Ndiyo maana kulikuwa na mtu aliyelipwa kuitikisa mashua. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kuitikisa, na jina lake lilikuwa sumprunkare. Mwenzetu wa Mombasa alisema hajawahi kusikia kazi inayofanana zaidi na yake ya usiku katika nyumba ya wazee. Vilikuwepo pia vyombo vyenye wavu mkubwa wa duara, unaoteremshwa na kuinuliwa kutoka ubavuni kama kijiko kikubwa, na mashua ya namna hiyo imeendelea kuonekana karibu na daraja la Norrbro hata katika miaka yetu sisi.

Kisha mji ulikua, ukautapikia mkondo uchafu wake. Mtambo wa kusafisha maji taka wa Henriksdal, uliochongwa ndani ya mwamba, ulifunguliwa mwaka 1941, lakini ilibidi kungoja mpaka miaka ya 1970 ndipo maji yakawa safi kiasi cha watu kuoga tena katikati ya mji. Tangu wakati huo samoni na trauti wachanga wamekuwa wakifugwa na kuachiliwa ili mkondo usikae mtupu. Kwa hiyo ukimwona mtu amenasa samoni mbele ya ikulu, ujue ni samaki wa kodi, pamoja na kodi yako wewe.

Haki ya Strömmen ni mita chache za maji. Nje ya mji kuna visiwa na miamba inayokaribia 30,000, na huko hali ilikuwa nyingine kabisa. Wageni wengi hapa wamesikia habari za allemansrätten, ile haki ya kila mtu kupita msituni, kuchuma uyoga na kulala usiku mmoja kwenye ardhi isiyo yake, ambayo tangu mwaka 1994 imetajwa hata katika Katiba. Wanadhani na samaki wamo. Samaki hawamo. Maji ya pwani yana mwenyewe. Mwenye ardhi anamiliki maji mpaka mita 300 kutoka bara, au kutoka kisiwa chenye urefu wa mita 100 au zaidi. Katika visiwa hivi vilivyobanana, maana yake ni kwamba karibu kila kighuba kizuri kilikuwa mali ya mtu, na uvuvi wake ulirithiwa pamoja na nyumba na ng'ombe. Hata miamba waliyolalia sili ilikuwa na wenyewe, ikilipiwa kodi, na watu waligombana jiwe lilipoinuka juu mno sili wakashindwa kulipanda.

Mwaka 1985, serikali ya Olof Palme ikiwa madarakani, Bunge lilibadili jambo hili. Uvuvi wa vyombo vya mkono, yaani fimbo na mshipi, ukawa huru kwa wote katika pwani ya mashariki na katika maziwa makubwa matano: Vänern, Vättern, Mälaren, Hjälmaren na Storsjön ya Jämtland. Nyavu zilibaki kwa mwenye maji. Hata ule mtindo wa kukokota chambo nyuma ya mashua inayokwenda haukuingizwa, kwani uhuru ulikuwa wa uvuvi usiotegemea chombo. Sisi kwenye kayaki tunasimama, tunatupa, ndipo tunapiga kafi tena. Hoja ya watetezi ilikuwa kwamba watu wa mijini nao, wasio na shamba wala kisiwa, wana haki ya kufurahia maji ya nchi yao. Hoja ya wapinzani ilikuwa fupi: hiki ni chetu, mmekitwaa.

Serikali iliwawekea wenye maji fidia. Wengine hawakuridhika. Mmoja wao aliipeleka Uswidi mpaka Strasbourg, mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya, naye mwaka 1989 akashindwa. Tume iliona kwamba hakunyang'anywa mali yake. Bado alikuwa na maji yake na bado aliweza kuvua, alichopoteza ni kuvua peke yake. Tulipoisoma hukumu hiyo tuliiona ya haki kabisa, tukapigana viganja. Wakati huo hatukuwa tumekutana bado na mtu yeyote wa upande wa pili.

Tulikutana naye Aprili 2009. Tulikuwa sita, tumetoka upande wa Tyresö asubuhi yenye jua na upepo mdogo. Barafu ilikuwa imekwisha kitambo lakini vivuli vya miamba bado vilishika theluji. Kabla ya saa nne tulikuwa tumepata yedda watatu, na mmoja alikuwa jike la karibu mita moja, tumbo limejaa mayai. Tulimweka. Mtu wa kwetu hawezi kutupa mayai ya samaki, tulikuwa tumekwisha kuyapangia bizari na ndimu. Mwenzetu wa Pemba akanasa wa nne. Akaegemea ubavuni kumtoa ndoana, kama alivyofanya maisha yake yote ndani ya ngalawa. Lakini ngalawa ina ndubi mbili za kuishikilia, kulia na kushoto. Kayaki haina. Ilipinduka kimya kimya, bila hata kishindo.

Maji yalikuwa na nyuzi nne au tano za joto. Huyu ni mtu aliyeogelea kabla hajajua kusoma, na tuliposikia sauti yake hatukuitambua: alikuwa akivuta pumzi kama mtu aliyekabwa, hawezi kutamka neno. Baridi ya namna hiyo haingoji mtu achoke. Inafunga kifua kwanza, na baada ya dakika chache inafunga vidole. Jaketi la kuokolea alikuwa amelivaa kwa kutuheshimu tu, baada ya mabishano gatini. Tulimshika mikono kutoka pande mbili, tukamkokota mpaka kwenye mwamba, na pale mwamba ulikuwa utelezi, hatukuweza kumpandisha.

Mashua yenye mashine ilikuja. Ndani yake alikuwemo mzee wa Kiswidi aliyevaa sweta iliyotoboka viwiko. Hakuuliza kitu. Alimvuta mwenzetu kwa mkanda wa jaketi akamlaza chini, akatuelekeza kwa kidole tumfuate. Nyumbani kwake alikuwa na chumba cha mvuke, kile wanachokiita bastu, na alikuwa amekwisha kukiwashia moto kwa ajili yake mwenyewe siku hiyo. Alimwingiza mwenzetu taratibu, nguo kavu kwanza, blanketi, kahawa yenye sukari nyingi, na joto baadaye. Ilikuwa kama saa nzima kabla ya mgonjwa wetu kusema neno, na neno lenyewe lilikuwa la kuuliza fimbo yake iko wapi.

Hapo ndipo mzee alipotazama ndani ya mfuko wetu. Alimgusa yule jike kwa kidole cha mguu, akakaa kimya. Kisha akasema, bila hasira, kwamba mpaka mwaka 1985 tungepaswa kuja mlangoni kwake, au kwa baba yake, kuomba. Na angetupa ruhusa, alisema, kwa sababu mgeni hanyimwi samaki. Lakini angetuambia ni ghuba gani iachwe mwaka ule, na kwamba jike la mayai harudi chungu bali hurudi majini. Sheria ilipowapa watu wote maji, alisema, haikumpa mtu yeyote kazi ya kuyaambia hayo. Alituonyesha ghuba dirishani. Utotoni mwake, alisema, yedda waliyachafua yale matete mwezi Aprili mpaka maji yakawa kama chai ya maziwa. Sasa aliweza kuketi wiki nzima asione mkia.

Hatukuwa na jibu. Tulitaka kumwambia kwamba ndoana sita haziwezi kumaliza bahari, na pengine ni kweli. Wataalamu hapa wanataja sababu nyingi za kupungua kwa yedda katika pwani ya Baltiki tangu miaka ya 1990: mabwawa na vijito vya kutagia vilivyokaushwa kwa ajili ya mashamba, sili na mnandi walioongezeka, na samaki mdogo mwenye miiba aitwaye spigg, aliyezidi kwa wingi na ambaye hula mayai na vifaranga vya yedda na sangara wa baridi. Aliyekuwa chakula sasa ndiye mlaji. Wavuvi wa ndoana nao wamo katika orodha hiyo, hata kama si wa kwanza.

Mwaka uliofuata, 2010, kanuni ilitoka: katika pwani hii mtu asichukue zaidi ya yedda watatu kwa siku, na wawe kati ya sentimita 40 na 75. Wadogo warudishwe, na mama wakubwa warudishwe. Baadhi ya vighuba hufungwa kabisa kuanzia tarehe 1 Aprili mpaka katikati ya Juni. Chama cha wavuvi wa ndoana, Sportfiskarna, kimeshiriki kurudisha vinamasi vya zamani ili samaki wapate pa kutagia. Mtu anayetaka kutoka na asome kanuni za mwaka huo huo na eneo hilo hilo, kwa maana hubadilika.

Mwenzetu wa Ukerewe aliposikia habari ya kipimo alicheka kicheko kisicho cha furaha. Kwao Ziwa Viktoria sangara ana kipimo pia, sentimita 50 hadi 85, kwa sababu ile ile. Sangara yule si mwenyeji. Alipandikizwa miaka ya 1950 wakati wa ukoloni, akalala kimya miaka mingi, kisha miaka ya 1980 akalipuka, akala furu mpaka aina nyingi zikatoweka. Viwanda vikajengwa Mwanza, Kisumu na Uganda. Minofu ilipanda ndege kuja Ulaya, mapanki yakabaki kwa wananchi. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango mara kwa mara kati ya mwaka 1997 na 1999 kwa hofu ya vijidudu na sumu, na kila ulipofungwa watu wa ufukweni walilala njaa. Sisi wengine tulikutana naye hapa Stockholm, kwenye friji ya dukani, ameandikwa viktoriaabborre, bila ngozi wala kichwa. Mwenzetu alimtambua kwa rangi ya mnofu. Alinunua pakiti mbili, na nyumbani hakuna aliyefurahi kula.

Tena mwaka 2017 Uganda ilikabidhi usimamizi wa uvuvi ziwani kwa jeshi. Mitumbwi yenye urefu chini ya futi 28 ikahesabiwa haramu, na mingi ilichomwa moto ufukweni mbele ya wenyewe. Kayaki zetu zina futi 13 mpaka 16. Tunalitaja hili bila kudai kwamba Waganda hawakuwa na tatizo, kwani samaki wachanga walikuwa wanakwisha kweli. Lakini huku haki ya mtu mwenye chombo kidogo ilipanuliwa kwa sheria na wenye mali wakalipwa fidia, na kule mwenye chombo kidogo alipoteza chombo. Tumelibishania jambo hili safari tatu nzima bila kupatana. Mwenzetu wa Bukavu anashikilia kwamba ni suala la tumbo: Mswidi akirudi mikono mitupu ana friji nyumbani.

Wala Waswidi hawana haki ya kutucheka kwa habari ya viumbe vya kupandikizwa. Mwaka 1907 shehena ya kamba wa maji baridi kutoka Finland ilifika Stockholm ikiwa mgonjwa, ikatupwa Mälaren. Tauni ya kamba ikaenea maji kwa maji, na kamba wa asili wa nchi hii hajapona mpaka leo.

Neno kwa akina mama na wapishi, kwa sababu tunaulizwa kila mara. Yedda na sangara wa baridi hubeba zebaki, na mamlaka ya chakula hapa inawashauri wajawazito wasiwale zaidi ya mara mbili tatu kwa mwaka. Strömming wa Baltiki ana dioksini, naye ana ushauri wa namna hiyo kwa watoto na kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wengine wale kwa kiasi. Yedda ana miiba yenye panda inayomtesa asiyemjua, kwa hiyo sisi humsaga tukamfanya kababu, au humchemsha, tukamchambua na kumrudisha kwenye tui zito.

Kwa yule mzee tulirudi wiki mbili baadaye na sahani ya kababu na sweta mpya. Kababu alikula zote. Sweta hatujapata kuiona mwilini mwake. Tangu hapo kila masika tulipita gatini kwake kabla ya kuingia ghubani, tukamwita, na yeye akatoka na kutuonyesha kwa mkono: huku nendeni, kule acheni. Alifariki miaka michache iliyopita, na nyumba sasa anaishi binti yake. Mara ya kwanza tulipomwita alitoka amekunja uso, akasema kwamba sheria haitutaki tuombe. Tukamwambia tunajua. Akasimama kidogo, akaingia ndani kuvaa viatu, akarudi kutuonyesha.

Safari ijayo ni Jumamosi ya pili ya Aprili, saa moja ya asubuhi ya Kiswahili. Jaketi la kuokolea ni lazima, hata kwa watu wa Pemba. Na ndugu yetu wa Marekani, picha yako tumeibandika jikoni. Yetu itafuata.